Maneno Mazito ya Kiyoyozi

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa choo cha soko, kwa sababu huo ndio mlango pekee ambao kila mfanyabiashara lazima aufikie angalau mara moja kwa siku. Kiyoyozi hakuwa na biashara yoyote sokoni hapo, lakini choo hakimwombi mtu leseni. Alisimama akalisoma huku amebana miguu, na alipofika mstari wa nne akasahau kabisa kilichomleta.

Kwa ufupi lilisema hivi: mwenyekiti wa chama cha wafanyabiashara anastaafu. Mkutano mkuu wa kumchagua mwingine ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Na kwa kuwa wageni kutoka ng'ambo watakuja baadaye mwaka huu kulizindua jengo jipya la soko, kila mgombea atatoa hotuba fupi mbele ya wanachama kwa Kiingereza cha hali ya juu.

"Cha hali ya juu," Kiyoyozi akarudia polepole. "Eh! Kweli Mungu hamtupi mja wake."

Jina la Kiyoyozi hakupewa na mama yake. Alipewa na waliolizwa. Walisema ukikaa naye dakika tano unasikia kaubaridi katamu mwilini, unalegea, kope zinakuwa nzito, na ukija kuzinduka hata mfuko wako nao umepoa. Alishawahi kuuza viti vya mbele vya harusi ambayo haikuwepo. Alishawahi kumkodisha mtu kivuli cha jengo la benki. Kiingereza chake chenyewe kilikuwa cha kuombea maji, na hayo maji yenyewe angeletewa ya moto. Lakini tangu lini muuza viatu akalazimika kuwa na miguu mizuri?

Wagombea walikuwa watatu, na kila mmoja alijulikana kwa alichouza. Mzee Makabati aliuza samani na alitembea kifua mbele utadhani naye ana droo. Mama Vitambaa alikuwa na duka kubwa kuliko yote, na ulimi mkali kuliko mkasi wake. Bwana Taa aliuza vifaa vya umeme, akaamini kwamba bila yeye mji mzima ungekaa gizani. Wote watatu walikijua Kiingereza cha biashara, cha bei na punguzo na mwisho wa maneno. Cha hali ya juu hawakuwa nacho, na kila mmoja alikuwa tayari kutoa chochote ili awe nacho yeye, na wenzake wasiwe nacho.

Hapo ndipo Kiyoyozi alipoona mlango. Mtu anayetaka kujua ni mteja wa kawaida tu. Anayetaka kujua peke yake, huyo ni hazina.

Tatizo lilikuwa moja: maneno atayatoa wapi?

Mwisho kabisa wa soko, nyuma ya mashine ya kusaga, palikuwa na chumba kirefu cheupe, kitupu kama tumbo la mfungaji. Ndani yake aliketi bibi mmoja mstaafu wa maktaba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, juu ya kiti kimoja, mbele ya sanduku moja la bati. Watu walimwita Bibi Muhuri. Miaka thelathini na minne kazini ilimwachia tabia moja: kila kitu kilichopita mikononi mwake alikigonga muhuri. Kikombe chake kilikuwa na muhuri. Mwavuli wake ulikuwa na muhuri. Paka wa mashine ya kusaga aliingia humo mara moja tu, akatoka na duara la zambarau ubavuni.

Bibi alitaka chumba hicho kiwe cha kusomea, ili wapagazi na wauzaji wapate mahali pa kukaa na gazeti au kitabu baada ya kazi. Chama kilimjibu kwa masharti. Kama chumba kitakuwa na samani za kutosha kufikia siku ya mkutano mkuu, ni chake. Kikikutwa kitupu, kinakuwa ghala la vitunguu. Zilibaki wiki tatu, na Bibi alikuwa na kiti kimoja na kamusi moja.

"Shikamoo, Bibi," Kiyoyozi alianza, sauti yake imeshawashwa kwenye baridi ya juu kabisa.

"Marahaba, mwanangu. Futa miguu."

Akafuta. "Bibi, nina wanafunzi. Watu wazima, wenye kiu ya elimu. Nahitaji maneno ya Kiingereza. Mazito."

Bibi alimtazama juu ya miwani. Kisha akafungua sanduku la bati, akatoa kamusi nene kama tofali, na kadi. "Maneno ni bure. Ila hapa hakitoki kitu bila kadi. Utaandika umechukua neno gani na la kumfundisha nani, halafu utie sahihi."

"Hata neno?"

"Neno ndilo hasa. Kitabu kikipotea kinanunuliwa kingine."

Kiyoyozi alicheka moyoni. Akachagua maneno saba kwa kigezo cha urefu, akayaandika kwenye kadi pamoja na majina ya wanafunzi wake. Aliyapenda zaidi matatu: *unprecedented*, *perpendicular*, na mfalme wao, *irrevocable*, ambalo lilimjaa mdomoni kama pipi kubwa.

"Na maana zake?" Bibi aliuliza, kalamu mkononi. "Nikuandikie?"

"Siku nyingine, Bibi. Wanafunzi wangu hawanunui maana. Wananunua mlio."

Bibi akaweka kalamu chini, na wala hakubishana. Ningekuwa mimi ndiye Kiyoyozi, hapo ningeanza kuogopa.

Alianza na Mzee Makabati, akamkuta anapangusa meza ndefu ya mninga.

"Mzee wangu," alinong'ona, "nimesikia yule mama wa vitambaa anasoma usiku na mchana."

"Anasoma nini?" Kitambaa kikasimama juu ya meza.

"Kiingereza. Lakini anasoma kile cha kawaida, cha *good morning*. Mimi ninacho kile cha kwenye mabunge. Sikiliza." Akavuta pumzi. "*Irrevocable*."

Mzee Makabati alifumba macho. "Lirudie."

"*Irrevocable*."

"Maana yake?"

"Maana?" Kiyoyozi akatazama kushoto na kulia kama mtu aliyeombwa siri ya serikali. "Mzee, mtu mkubwa akisema neno kama hili, nani humwuliza maana? Wanaouliza maana ni wale wanaokaa nyuma. Jua tu kwamba ni sifa. Unajisifia mwenyewe, unaisifia kazi yako, linakaa popote."

"Na wenzangu je? Wakilipata?"

"Hawalipati ng'o! Kila neno lina mteja mmoja tu. Nakupa na cheti cha umiliki." Akatoa karatasi yenye ukingo wa maua. Juu iliandikwa CHETI, katikati jina la mwenye neno, chini sahihi iliyojiviringa kama mzabibu. "Ukimfundisha mwingine, nguvu yake inaisha. Hata mkeo usimwambie."

"Mke wangu hata salamu simwambii. Bei gani?"

Kiyoyozi akashika kifua. "Bei? Elimu haiuzwi, Mzee wangu. Ila mwalimu naye ni binadamu, hukaa kitako. Nitazame, mwalimu mzima, sina hata kiti."

Akatoka na viti kumi na viwili na meza ya mninga, kwa maneno saba.

Kwa Mama Vitambaa mambo yalikuwa magumu kidogo. Mama alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani, akasema, "Wewe sura yako naijua. Wewe si ndiye uliyemuuzia mdogo wangu kiti cha harusi ya hewa?"

"Yule ni pacha wangu, Mama. Ametuaibisha sana nyumbani."

"Hmm. Haya, sema ulichokuja kusema, kisha nikufukuze."

Akasema. Aliposikia *unprecedented*, mita ya kupimia ikamdondoka shingoni. Aliposikia kwamba Mzee Makabati anahangaika kulitafuta neno hilo na hajalipata, akaita msaidizi wake akate mapazia ya madirisha manne, akaongeza na suti moja ya rangi ya majivu iliyokuwa imeshonwa kwa ajili ya mteja asiyerudi. "Mwalimu wangu hatatembea kama jogoo aliyenyeshewa," alisema. Cheti chake alikificha ndani ya kitambaa cha kichwa.

Bwana Taa hakuhitaji hata kushawishiwa. Alipaza sauti mwenyewe, "*Perpendicular! Perpendicular!*" mpaka paka wa mashine ya kusaga akakimbia. Alitoa feni mbili za darini na taa sita, akataka cheti chake kiandikwe kwa wino mwekundu.

Nadhani umeshaelewa kwamba maneno yalikuwa yaleyale saba. Kiyoyozi hakuona haja ya kumsumbua Bibi wa watu kwa maneno mengine. Wateja watatu walikuwa maadui, kila mmoja alikuwa ameapa kuficha, na yeye ifikapo saa sita mchana siku ya mkutano angekuwa amekaa mbele ya lori la mnunuzi kutoka mji wa pili, miguu juu ya dashibodi.

Ila mali hiyo yote itakaa wapi mpaka Jumamosi? Chumba alichopanga kilikuwa kinamtosha yeye peke yake, tena akiwa amekunja magoti.

"Weka hapa," Bibi Muhuri alisema, kabla hata hajamaliza kujieleza. "Si chumba kitupu hiki? Feni zifunge darini kabisa zisije zikakanyagwa. Mapazia yatundike yasikunjamane. Viti vipange, mali ikilundikwa inachubuka."

"Bibi, wewe ni mama yangu wa pili."

"Ila unajua utaratibu wangu. Kinachoingia hapa kinapigwa muhuri, na anayekileta anatia sahihi."

Kiyoyozi alikubali huku akitabasamu. Bibi aligonga muhuri chini ya kila kiti, chini ya meza, kwenye pindo la kila pazia, kwenye bawa la kila feni. Kiyoyozi akiwa anahesabu viti, Bibi aliifungua na suti kwenye karatasi yake, *tap!*, akaikunja tena vizuri. Bibi akishapata wazimu wake, Kiyoyozi alijiambia, mwache nao. Wino utakwanguliwa.

Kisha Bibi akamletea karatasi iliyopigwa chapa, mistari kumi hivi, yote kwa Kiingereza.

"Hii ni nini, Bibi?"

"Isome. Si mwalimu wewe? Kama kuna neno linalokushinda, niulize tu. Kuuliza si ujinga."

Niwaambie ukweli: huo ulikuwa mlango wa kutokea, na Bibi aliushikilia wazi kwa mkono wake mwenyewe. Lakini mtu aliyeuza Kiingereza cha hali ya juu kwa wiki mbili atamwulizaje bibi mwenye miwani ya uzi maana ya neno? Kiyoyozi akakunja uso kisomi, akapitisha kidole juu ya mistari. Maneno mengi yalimpita kama magari ya harusi. Ghafla, mstari wa sita, akaliona lile lake: *irrevocable*. Alilitambua kama mtu anavyomtambua shemeji yake katikati ya umati, na moyo wake ukatulia. Karatasi yenye neno zuri namna ile itakuwaje mbaya?

"Safi sana," akasema. "Lugha umeipatia, Bibi." Akatia sahihi ile ya mzabibu.

Jumamosi ilifika. Wanachama walijaa uwanjani katikati ya soko, waliokosa viti wakakalia magunia. Kiyoyozi alikuja asubuhi kuchukua suti yake chumbani kwa Bibi, akaivaa harakaharaka, akajiona bwana harusi. Alipokuwa akipita, watu nyuma yake walikuwa wakitabasamu na kusukumana kwa viwiko. "Wananihusudu," alijiambia. Lori lilikuwa limeshafika, limeegeshwa nyuma ya mashine ya kusaga.

Mama Vitambaa alipanda jukwaani wa kwanza.

"*Ladies and gentlemen!*" alinguruma. "*I am irrevocable! My shop is unprecedented! And I will stand for you... perpendicular!*"

Makofi yalilipuka. Watu hawakuelewa kitu, lakini walikubaliana kwamba hicho kilikuwa cha hali ya juu kweli. Kwenye kiti chake, Mzee Makabati alikuwa amegeuka rangi ya jivu. Bwana Taa alikuwa amesimama, mdomo wazi.

"Mwizi!" Mzee Makabati alipiga kelele. "Mwizi wa neno! Hilo *irrevocable* ni langu, nina cheti!"

"Cheti chako kina maua?" Mama Vitambaa alivuta kitambaa cha kichwa, karatasi ikadondoka. "Changu hiki hapa!"

"Na *perpendicular*?" Bwana Taa alikuwa karibu kulia. "Jamani, *perpendicular* ni langu, kwa wino mwekundu!"

Vyeti vitatu vikapepea hewani, maua yaleyale, mzabibu uleule. Halafu vichwa vitatu vikageuka kwa pamoja kumtafuta mtu mwenye suti ya majivu.

Mwenye suti alikuwa ameshafika chumba cha mwisho wa soko, anampigia mluzi dereva. Lakini mlangoni alikuwa amesimama mlinzi, na pembeni ya mlinzi Bibi Muhuri, na pembeni ya Bibi katibu wa chama, aliyekuja kukagua kama chumba kina samani au ni ghala la vitunguu. Feni zilikuwa zinazunguka. Mapazia yalikuwa yanacheza. Wapagazi wawili walishakaa mezani na gazeti, wanabishana kuhusu mpira.

"Vitu vyangu hivi," Kiyoyozi alisema. "Nilikuwa nimeviweka tu. Leo navichukua."

Wale watatu wakafika wakihema, na nusu ya mkutano nyuma yao.

"Subiri kwanza," katibu alisema. Alikuwa mtu mpole, aliyekisoma Kiingereza chuoni na hakuwa amepata hata siku moja ya kukitumia. Akasafisha koo, akaisoma karatasi ya Bibi, akiitafsiri mstari kwa mstari. Mzee Makabati, Mama Vitambaa na Bwana Taa, kupitia kwa mwalimu wao, wanakipa chumba cha kusomea cha soko viti, meza, mapazia, suti, feni na taa. "Na zawadi hii," alimalizia, "ni *irrevocable*."

"Ndiyo nini?" walipaza sauti watu kumi kwa pamoja, na wa kwanza kati yao alikuwa Mzee Makabati, mwenye cheti cha neno hilo.

"Haitenguliki. Ukishaitoa hairudi, hata ulie machozi ya damu."

Bibi Muhuri akamgeukia Kiyoyozi kwa upole kabisa. "Mwanangu, waambie wenyewe. Ulipotia sahihi, neno hili ulikuwa unajua maana yake, au ulikuwa hujui?"

Hapo, wapendwa, ndipo kiyoyozi kilipokatika umeme. Akisema alijua, mali yote imekwenda. Akisema hakujua, basi amekiri mbele ya wateja watatu, na mmoja wao ana mkasi, kwamba aliwauzia maneno asiyoyajua. Jasho lilimtoka. Alimtazama Mama Vitambaa. Mama Vitambaa alikuwa anafungua na kufunga ule mkasi.

"Nilijua," Kiyoyozi alisema kwa sauti ndogo. "Tangu mwanzo. Ilikuwa... niwafanyie mshangao."

Kisha mpagazi mmoja ndani akasimama, akapiga makofi. "Mungu awabariki, wazee wetu! Mama, Mungu akuzidishie!" Makofi yakasambaa mpaka uwanjani. Wale watatu walitazamana. Nani ataanza kusema mbele ya kadamnasi kwamba hakutoa, arudishiwe?

"Basi tu," Mzee Makabati alisema, akitoa kifua. "Sisi kutoa ni kawaida yetu."

"Mapazia ni kitu gani?" alidakia Mama Vitambaa, ingawa jicho lake lilikuwa bado kwa Kiyoyozi. "Ila huyu mwalimu wetu nitamhitaji kwa mazungumzo ya faragha."

Kiyoyozi hakungoja faragha. Alipenya kati ya magunia, akatoka kwa lango la nyuma mbio. Lori lilibaki likinguruma bure. Uenyekiti alipewa mpima mizani wa soko, ambaye hata hakuwa amegombea; alipanda jukwaani akasema kwa Kiswahili kwamba mtaro wa maji machafu umeziba na yeye ana koleo, akashuka.

Mitaa minne mbele, Kiyoyozi alipunguza mwendo, akajikung'uta. Haya, viti vimekwenda, meza imekwenda. Lakini suti je? Suti aliyovaa ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuvaa. Mtu mwenye suti kama ile hawezi kulala njaa. Alipita kifua mbele, na watu waliokuja nyuma yake walicheka, na watoto wakamfuata, mpaka alipokaa kwa mng'arisha viatu.

"Kaka," mng'arisha viatu alisema, akiinama kuchungulia mgongo wake, "wewe umeazimwa?"

"Nini?"

"Umeandikwa mgongoni. Wino wa zambarau, duara kubwa." Akasoma polepole: "'Mali ya Chumba cha Kusomea. Irudishwe ndani ya siku kumi na nne.'"

Alijaribu sabuni. Alijaribu ndimu. Dobi wa kwanza alisema wino wa maktaba hautoki, wa pili alicheka mpaka akakaa chini. Wauza mitumba wote walimgeuza mgongo, wakasoma, wakamrudishia. Na kila alipofungua mdomo kumpoza mtu, mtu huyo alimwambia kwanza ageuke. Mla cha mwenzake na chake huliwa, lakini wengi huliwa kimyakimya. Yeye alikuwa na tangazo mgongoni.

Siku ya kumi na nne alisukuma mlango wa chumba cha mwisho wa soko. Chumba kilikuwa kimejaa. Mama Vitambaa, Mungu mkubwa, alikuwa dukani. Kiyoyozi alifuta miguu bila kuambiwa, akaiweka suti mezani, imekunjwa vizuri ndani ya gazeti.

"Umewahi," Bibi alisema, akiangalia tarehe. "Wengi huchelewesha."

Hakuondoka. Alikuwa anakodolea ile kamusi. Kusema kweli aliona haya, na haya haikuwa kitu alichokizoea, kwa hiyo hakujua aiweke wapi mikono yake. "Bibi," akasema mwishowe, "yale maneno mengine. Lile *perpendicular*. Maana yake nini hasa?"

Bibi Muhuri alimtazama juu ya miwani, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akavuta kiti kimoja cha Mzee Makabati, akatoa kadi, akasogeza kibweta cha wino.

"Kaa hapa, nikufundishe. Lakini unajua utaratibu wangu: kinachoingia humu..."

Kiyoyozi alikaa upesi, akafunika paji la uso kwa mikono yote miwili.